Harufu mbaya ya kinywa na bakteria wanaoitengeneza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Katika kazi yangu ya meno hapa pwani sijaona tatizo linalowafanya watu washushe sauti kama hili. Mtu anakuja kulalamikia jino. Tunamaliza habari ya jino, anafika mlangoni, kisha anarudi: "Daktari, na hii harufu je?" Mara nyingi hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani. Anakuwa ameshameza dawa za minyoo, ameshakunywa maji ya limau kila asubuhi kwa miezi, ameacha kukaa karibu na watu, na harufu iko palepale. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa tena na tena, na nimeyajibu kama ninavyowajibu watu ana kwa ana.

Hii harufu inatoka tumboni au kinywani?

Kinywani, kwa walio wengi. Katika kila watu 10 wenye harufu ya kudumu, 8 au 9 chanzo chake kiko ndani ya kinywa. Wanaobaki, wengi wao shida iko puani au kwenye tonsili, vile vinundu viwili vya kooni. Tumbo ni kwa nadra.

Naanza na hili kwa sababu imani ya "tumbo chafu" imewapotezea watu muda na fedha nyingi. Umio, yaani bomba linaloshusha chakula tumboni, hukaa limejifunga. Hufunguka ukimeza, ukicheua au ukitapika. Hewa unayozungumzia haitoki huko. Inatoka mapafuni, inapita juu ya ulimi, na hapo kwenye ulimi ndipo inapobeba harufu. Mwenye kiungulia kikali anaweza kucheua hewa yenye uchachu, na huyo atibiwe kiungulia chake. Lakini kumeza dozi ya vidonda vya tumbo bila kipimo, kwa ajili ya harufu tu, ni kumsaka mwizi kwa jirani wakati yumo chumbani mwako. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa karibu sana na jambo hili.

Bakteria wanaitengenezaje?

Aina zaidi ya 700 za bakteria zimetambuliwa katika vinywa vya binadamu, na mtu mmoja hubeba mia moja au zaidi kwa wakati mmoja. Usishtuke. Wengi wao hawana madhara, na wapo wanaotulinda kwa kuwanyima nafasi wabaya. Wanaonuka ni wale wasiopenda hewa. Oksijeni huwadhuru, kwa hiyo hujificha: nyuma kabisa ya ulimi, katikati ya meno, chini ya ufizi, na ndani ya ukoga ulioganda kwenye meno. Majina yao ya kitaalamu ni kama Porphyromonas gingivalis, Treponema denticola, Prevotella intermedia, Fusobacterium nucleatum, na Solobacterium moorei anayependa sana ulimi.

Chakula chao ni protini. Uzi wa nyama au kipande cha samaki kilichonasa kwenye meno ni karamu kwao, lakini hata usipokula kitu hawalali njaa. Ngozi laini ya mashavu huachia chembe zilizokufa kila saa, mate yenyewe yana protini, fizi zilizovimba hutoa damu, na mafua hushusha kamasi nyuma ya koo. Vyote hivyo wanavila. Ndiyo maana mtu aliyeshinda bila kula anaweza kunuka kuliko aliyetoka mezani.

Wakishaivunja protini hubaki vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na viwili kati ya hivyo vina salfa. Kutoka kwenye sisteini hupatikana gesi ya haidrojeni salfaidi, ile ile ya yai viza. Kutoka kwenye methionini hupatikana methili merkaptani, inayonuka kama kabichi iliyooza, na hii ndiyo humkera aliye mbele yako zaidi. Vipande vingine huzaa putresini na kadaverini, ambazo ndizo pia hupatikana kwenye mzoga unaooza. Pua ya mtu huzitambua gesi za salfa hata zikiwa kidogo mno, kwa hiyo haihitaji kinywa kiwe kimeoza ndipo mtu wa pembeni asikie.

Kuna jambo moja hapa linalonivutia kila nikilifikiria. Bakteria hawa hawafanyi kazi peke yao. Protini za mate zimefunikwa na sukari, na wale wanaonuka hawawezi kuifikia protini vizuri mpaka bakteria wengine, wasio na harufu, waibandue ile sukari kwanza. Ni kama kubangua korosho: huyu anavunja ganda, yule anakula kiini. Kwa hiyo ukoga ukikaa muda mrefu huwa si uchafu tu, ni kijiji chenye mgawanyo wa kazi, na kijiji hakihami kwa kupuliziwa manukato.

Haya yalijulikana lini?

Mwaka 1683 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft aliyejitengenezea hadubini, aliwaandikia wanasayansi wa London akieleza alichokiona baada ya kukwangua ukoga wa meno yake: vijidudu hai vikicheza. Naye alikuwa mtu anayesugua meno kwa chumvi kila asubuhi. Alipochukua ukoga wa mzee ambaye hakuwahi kusafisha meno maisha yake yote, alikuta umati mkubwa zaidi. Kuhusu gesi za salfa, kazi kubwa ilifanywa na Joseph Tonzetich wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, kuanzia miaka ya 1960. Yeye ndiye aliyezipima na kuonyesha kwamba ndizo kiini cha harufu ya kinywa.

Napiga mswaki asubuhi na jioni. Mbona bado?

Nikiulizwa hivi, huomba nioneshwe ulimi. Mara nyingi jibu liko hapo: nyuma, utando mweupe au wa manjano, mnene kama maziwa yaliyoganda.

Mswaki husafisha meno. Ulimi, hasa theluthi ya nyuma, una vinundu na mitaro midogo kama zulia la manyoya, na ndani ya mitaro hiyo hewa haifiki. Ukiacha zulia hilo bila kulisafisha, hata meno yakimeta bado utanuka. Nunua kifaa cha kukwangulia ulimi dukani, na kama hakipo tumia kijiko ulichokitenga kwa kazi hiyo. Toa ulimi nje, peleka kijiko nyuma kadiri unavyoweza, vuta kuja mbele bila kukandamiza, kisuuze, rudia mara nne au tano. Usikwangue mpaka utoke damu. Ulimi ni nyama, si sufuria. Ukisikia kutapika, shika ncha ya ulimi kwa kitambaa na utoe pumzi polepole wakati unavuta. Baada ya wiki moja koo huzoea. Kama huwezi kabisa asubuhi, fanya jioni, na hata hivyo jioni ina faida zaidi, kwa kuwa usiku ndio wakati wao wa kuzaliana.

Mahali pa pili ni katikati ya meno. Nyuzi za mswaki haziingii pale meno yanapogusana. Uzi wa meno huingia, na kwenye mianya mipana vile viswaki vidogo vya katikati ya meno hufanya kazi vizuri zaidi. Jaribu leo: pitisha uzi kwenye magego ya nyuma, kisha unuse. Wengi hawaniulizi tena swali hili baada ya hapo.

Na mswaki wenyewe uwe wa dakika 2, kwa dawa ya meno yenye floridi. Sekunde 20 kabla ya kukimbilia daladala hazitoshi.

Kwa nini asubuhi ndiyo mbaya zaidi?

Kwa sababu ya mate. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Mate huosha, huleta oksijeni, na yana vitu vinavyoua bakteria. Ukilala hupungua mpaka karibu kukatika, na anayelala kinywa wazi hukauka kabisa. Bakteria wanakuwa na usiku mzima, joto, na kinywa kisichooshwa. Hii ni hali ya kila mtu na si ugonjwa. Ukishapiga mswaki, ukakwangua ulimi na kupata kifungua kinywa, inapaswa kuondoka, maana hata kutafuna kwenyewe huusugua ulimi na kuamsha mate. Isiyoondoka baada ya hapo ndiyo ya kutafutiwa chanzo.

Na mwezi wa Ramadhani?

Swali hili hupamba moto kila mwaka, na huulizwa kwa aibu isiyostahili. Aliyefunga hukaa saa 13 hivi bila tonge wala maji. Mate hupungua, ulimi hausuguliwi na chakula, na mwili ukianza kuchoma mafuta nao huongeza harufu yake kidogo. Waislamu wanaijua Hadithi isemayo kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga mbele ya Mwenyezi Mungu ni nzuri kuliko miski. Kwa hiyo asimsimange mtu mwenzake kwa hilo.

Lakini kuna sehemu ya harufu hiyo isiyotokana na funga, bali na nyama ya daku iliyobaki kwenye meno. Hiyo unaweza kuiondoa. Huku pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, ambayo kauli yake mashuhuri ni kwamba kupiga mswaki baada ya adhuhuri kwa aliyefunga ni makuruhi. Wanazuoni wengine hawaoni tatizo, na hayo muulize shehe wako. Mimi nasema hivi: weka nguvu zako baada ya daku, kabla ya alfajiri. Uzi wa meno, mswaki, ulimi, kisha maji ya kutosha. Punguza vyakula vya chumvi nyingi na kahawa kwenye daku, maana vitakuachia kiu na ukavu. Na baada ya futari usilale na tende kwenye magego.

Nitajuaje kama mimi nanuka?

Pua yako haitakuambia, imeshaizoea. Kupuliza kwenye kiganja pia husaidia kidogo sana. Lamba upande wa ndani wa kifundo cha mkono, subiri mate yakauke kwa sekunde 10, nusa. Hapo utapata harufu ya sehemu ya mbele ya ulimi. Kwa ile ya nyuma, kwangua kwa kijiko na unuse kilichotoka. Njia ya kweli kuliko zote ni kumuuliza mtu anayekupenda na asiyeweza kukudanganya: mama, dada, mwenzio wa ndani. Muulize kwa siku tofauti na saa tofauti, siyo asubuhi tu.

Fizi zangu hutoka damu nikipiga mswaki. Vinahusiana?

Vinahusiana sana, na hapa naomba unisikilize kwa makini.

Ukoga usipoondolewa hugeuka jiwe, tunaloliita ugaga. Ugaga hausuguliki kwa mswaki. Hukaa kwenye mzizi wa jino, ufizi unavimba kuukwepa, unaachana na jino, na kati yao panabaki mfuko. Ndani ya mfuko huo hakuna hewa, kuna joto, na kuna damu. Porphyromonas gingivalis huhitaji chuma kilichomo kwenye damu ili akue, kwa hiyo ufizi unaovuja ni shamba lake. Harufu ya kinywa chenye ugonjwa wa fizi huwa nzito kuliko ya ulimi peke yake, kwa sababu methili merkaptani huongezeka.

Watu wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali hapo, wakidhani wanajiumiza. Ni kinyume. Damu inaonyesha pamesahauliwa. Piga mswaki laini, polepole, ukiulaza kuelekea kwenye ufizi, na katika wiki moja au mbili fizi zenye uvimbe wa kawaida huacha kutoka damu. Zikiendelea, ugaga uko chini na lazima ukwanguliwe na mtaalamu.

Najua kinachokuzuia. Umesikia kwamba kukwanguliwa ugaga hulegeza meno. Mtu hutoka kliniki akihisi mianya ambayo hakuwa nayo, na jino likicheza. Ukweli ni kwamba mfupa ulikuwa umeshaliwa, na ugaga ulikuwa umeyagundisha meno kama saruji. Ukiondolewa unaona hasara iliyokuwepo. Ukiuacha, hasara inaongezeka mpaka jino linatoka lenyewe.

Kama una kisukari, jambo hili ni la lazima zaidi. Sukari isiyodhibitiwa huharibu fizi, na fizi zenye maambukizi hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Mwambie daktari wako wa kisukari kuhusu fizi, na mwambie daktari wa meno kuhusu sukari.

Jino lenye tundu je?

Tundu hunasa chakula, chakula kinaoza, kinanuka. Lizibwe. Ila bakteria wanaotoboa meno ni wengine: wao wanapenda sukari na hutengeneza asidi, na asidi hata huwazuia kidogo hawa wa harufu. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu hana jino bovu hata moja na bado ananuka, na mwingine ana matundu matano bila harufu ya kutisha.

Meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni. Ndiyo sababu?

Hapana. Kama ulikulia maeneo ya Arusha na mlima Meru, au upande wa Kenya huko Nakuru na Naivasha, rangi hiyo huenda ni floridi nyingi iliyokuwa kwenye maji wakati meno yako yakijijenga. Si uchafu na haina harufu. Usiyasugue kwa mchanga wala mkaa.

Nikisukutua kwa dawa, au nikitafuna karafuu, haitoshi?

Inategemea unataka nini. Karafuu na iliki hutoa harufu nzuri, na mafuta ya karafuu yana uwezo wa kuua baadhi ya bakteria, lakini kutafuna punje moja hakuufikii utando ulioganda nyuma ya ulimi. Unapata nusu saa. Chingamu isiyo na sukari husaidia kwa njia nyingine: huleta mate.

Dawa za kusukutua zinatofautiana. Zenye zinki huikamata salfa kabla haijawa gesi, na kwa harufu ni nzuri. Zenye klorheksidini huua bakteria kwa nguvu, lakini zikitumiwa muda mrefu huyatia meno madoa ya kahawia na kubadilisha ladha ya chakula. Tumia kwa muda uliopangiwa, mara nyingi wiki mbili. Zenye kilevi kingi humkausha mtu mwenye kinywa kikavu tayari. Na zote hufanya kazi baada ya kukwangua, siyo badala yake. Asiye na pesa ya dawa hizi asijione amekosa kitu kikubwa. Kijiko na maji safi vina kazi kubwa kuliko chupa.

Mswaki wa mti unafaa?

Unafaa. Ule wa mti wenyewe wa mswaki, Salvadora persica, una nyuzi nzuri na utomvu wake huzuia bakteria. Tafuna ncha mpaka ilainike, sugua kila jino ndani na nje, na ukate ncha kila siku upate mpya. Tatizo lake ni kwamba wengi husugua meno ya mbele tu huku wakitembea, na magego ya nyuma yanabaki na ukoga wake. Ulimi nao ukwanguliwe kivyake.

Kinywa changu kinakauka kila wakati.

Hapo umekaribia chanzo. Baadhi ya dawa za mzio, za kupunguza maji mwilini kwa wenye presha, na za msongo wa mawazo hukausha mate. Usiziache, mweleze aliyekuandikia. Miraa, sigara na pombe pia hukausha, na mvutaji huongezea harufu ya tumbaku na ugonjwa wa fizi anaochelewa kuuona, kwa kuwa sigara hupunguza damu kutoka. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa.

Nikila kitunguu saumu hunuka hata baada ya mswaki. Ni bakteria?

Sio wao. Kemikali yake moja huingia kwenye damu, inafika mapafuni na kutoka na pumzi. Mswaki hauifikii. Itaondoka yenyewe ndani ya siku moja hivi.

Huwa natema vijiwe vyeupe vinavyonuka sana. Ni nini?

Ni vijiwe vya tonsili. Tonsili zina mashimo, na humo chembe zilizokufa, chakula na bakteria hao hao hukusanyika na kuwa kama jibini. Havina hatari. Sukutua koo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Usivichokoe kwa pini wala kucha. Vikijirudia pamoja na maumivu, muone daktari wa koo.

Kwa nini nisipewe antibiotiki waishe wote?

Kwa sababu hawataisha. Utameza metronidazo ya wiki moja, harufu itapungua, utafurahi, na ukimaliza vidonge watarudi, maana utando na mifuko ya fizi bado ipo ikiwasubiri. Wakati huo utakuwa umewaua na wale wazuri, na ukungu mweupe unaweza kuota kinywani. Zaidi ya hapo, unawafundisha bakteria kuizoea dawa tutakayoihitaji siku ya maambukizi makubwa. Yapo magonjwa ya fizi yanayostahili dawa hiyo, kama ule ambao ncha za fizi huoza ghafla kwa maumivu makali, na huonekana zaidi kwa wenye kinga dhaifu. Huo atauamua daktari. Kununua mwenyewe dukani kwa ajili ya harufu, hapana.

Inaambukiza?

Bakteria huhama. Watafiti wa Uholanzi mwaka 2014 walikadiria kwamba busu la sekunde 10 linaweza kuhamisha bakteria milioni 80. Lakini harufu hutegemea watakachokikuta: kinywa kinachosafishwa hakiwapi makazi. Kula chungu kimoja na mwenye tatizo hakutakufanya unuke.

Mtoto wangu mdogo ananuka. Nifanye nini?

Angalia kwanza kama analala kinywa wazi na kukoroma. Huenda ana nyama za pua. Kama harufu imeanza ghafla na tundu moja tu la pua linatoa usaha, fikiria shanga, punje ya harage au kipande cha sponji alichojiingizia. Usijaribu kukitoa kwa kibiriti au pini, utakisukuma ndani. Mpeleke kituo cha afya.

Kuna hali moja ambayo haisubiri kesho. Mtoto mwenye utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, akipata kidonda kwenye ufizi chenye harufu ya kuoza, na shavu likaanza kuvimba, huo unaweza kuwa ugonjwa uitwao noma. Bakteria wa kinywa wenyewe hula nyama ya uso kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwezi Desemba 2023, na kweli imesahaulika, kwa kuwa huwapata watoto wa wasio na sauti. Ikiwahiwa siku za mwanzo kwa antibiotiki, usafi wa kidonda na lishe, mtoto hupona. Mkimbize siku hiyo hiyo.

Nina meno ya bandia.

Yavue usiku. Yasugue kwa mswaki na sabuni laini, yaloweke kwenye maji, na safisha fizi na ulimi. Bakteria na fangasi hukaa kwenye plastiki kama wanavyokaa kwenye jino.

Kuna harufu zinazoashiria ugonjwa mwingine mkubwa?

Zipo. Pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi au dawa ya kutolea rangi ya kucha, pamoja na kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kupumua kwa haraka, ni sukari iliyopanda vibaya: hospitali mara moja. Harufu kama mkojo inaweza kuwa figo. Harufu nzito yenye utamu wa uvundo kwa mtu mwenye macho ya manjano ni ini. Hizi zote hazitoki kwa bakteria wa ulimi.

Mume wangu ananuka kinywa. Nimwambieje?

Mwambie wewe, kabla hajaambiwa na mtu wa kazini mbele ya watu. Usimwambie wakati wa ugomvi, wala mbele ya watoto, wala kwa kugeuza uso kitandani ukitumaini ataelewa, atadhani umemchoka. Tafuta wakati mmetulia, mko wawili. "Baba Fulani, kuna jambo nakwambia kwa sababu mimi ndiye wa kukwambia. Siku hizi kinywa chako kina harufu. Nimesoma kwamba mara nyingi ni ulimi au fizi, na inatibika. Twende wote tukaangaliwe." Neno la maana hapo ni "wote". Nimewaona wanandoa wakija pamoja, na si mara moja nimemkuta mke naye ana ugaga wake.

Kwa mzazi au mkwe ni vigumu zaidi. Hapo mwombe anayestahili amwambie, shangazi au mjomba wa rika lake, au mpeleke kwa sababu ya kuangaliwa meno kwa jumla, umwachie daktari aseme. Sisi tumezoea kusema.

Nahisi nanuka, lakini kila mtu anasema sinuki.

Waamini, kisha njoo upimwe uthibitishe. Wapo watu wengi ambao mtu mmoja akijikuna pua mbele yao wanalala na jambo hilo mwaka mzima. Nimewaona vijana walioacha kuchumbia na mabinti walioacha kuimba kwaya kwa harufu ambayo haipo. Mateso yao ni ya kweli, ila dawa yake si mswaki wa sita kwa siku, ni kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili. Kusugua kupita kiasi kutawaumiza fizi tu.

Nikija kliniki nitafanyiwa nini, na nijiandaeje?

Daktari atakuuliza unakula nini, unatumia dawa gani, unalalaje. Atapima kina cha mifuko ya fizi kwa chuma chembamba chenye alama za milimita, atatazama ulimi na tonsili. Zipo kliniki zenye mashine ya kupima gesi za salfa, lakini kipimo kinachotegemewa zaidi duniani bado ni pua ya daktari: utafunga mdomo kidogo, utatoa pumzi, naye atanusa na kuandika namba kuanzia 0, hakuna harufu, mpaka 5, harufu kali mno. Atanusa pia pumzi ya puani peke yake, ili ajue kama chanzo ni kinywa au pua.

Kwa sababu hiyo, asubuhi ya siku hiyo usipige mswaki, usisukutue, usile pipi, usijipulize manukato, na siku mbili kabla usile kitunguu saumu. Najua inaumiza kuja hivyo, umekaa kwenye benchi na watu, ukiogopa hata kusalimia. Hata hivyo njoo na kinywa kama kilivyo. Tukikikuta kimefichwa hatutajua pa kuanzia.